Kaaha Hafumi Mpaka Shazia Zote Zirudi

GARISSA, 1967. Saa mbili asubuhi jua limeshameza nusu ya baraza ya klabu ya maofisa, na Kaaha Duale amesogea mara mbili kukifuata kivuli. Ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, raketi ya tenisi imebanwa kwenye jiliwa mbele yake. Anavuta uzi wa mwisho wa wima, anaegemea nyuma kwa uzito wote wa mwili, anaufunga. Kisha anaupiga kwa ukucha. Unalia.

Hapa ndipo kazi inapoingia sehemu ya pili, ile ya nyuzi za kulala, ambazo hupita juu ya uzi mmoja na chini ya mwingine mpaka raketi iwe wavu. Kaaha haendi huko. Anaichomoa raketi, anaiweka juu ya meza pamoja na nyingine, na kuchukua fremu tupu.

Raketi zote zilizo mezani zina nyuzi za wima peke yake. Ukiinua moja ukaielekeza kwenye mwanga, unaona dirisha la jela.

Katibu wa klabu, kijana aliyehamishiwa hapa mwaka jana na bado anapigana na joto, anatoka ofisini na kikombe cha chai.

“Mama Rukiyo, hizi hazijaisha.”

“Upande yangu imeisha.”

“Jumamosi wageni wanakuja kutoka Wajir na Isiolo. Mtu atapiga mpira na hii? Mpira utapita katikati!”

“Ipite. Iende mpaka kwa geti, iulize shazia yangu iko wapi.”

Mzee Dubow, mtunza uwanja, ameacha kusukuma rola na mabega yanamtikisika.

“Na wewe unacheka nini?” katibu anafoka.

“Sicheki, bwana. Ni vumbi.”

Leo ni Jumatano. Kaaha, mjane wa makamo mwenye viganja vigumu kama ngozi ya kiatu, hajagoma kufanya kazi. Kila asubuhi anafika, anakaa, anavuta nyuzi. Anachokataa ni kuzifuma. Amesema hatafuma hata mstari mmoja mpaka arudishiwe vitu vilivyochukuliwa kwenye lango la kijiji, na vitu hivyo, ukivitazama, vinatoshea kwenye kikapu kidogo.

Cha kwanza ni shazia, sindano nene ndefu kama mkono wa mtoto, yenye tundu kwenye ncha na mpini wa mfupa wa ngamia. Wanawake wa Kisomali huitumia kushonea mikeka ya nyumba. Cha pili ni kipande cha mbao bapa kilichochongwa meno pande zote mbili, ambacho Kaaha hukiita kitana kwa kukosa jina lingine.

Upande mmoja wa kitana umeanza na jino refu, likafuata fupi, refu tena, fupi tena. Upande wa pili umeanza na fupi. Ukikisukuma kati ya nyuzi za wima na kukisimamisha, nyuzi moja moja huinuka na nyingine hubaki chini, njia inafunguka, na shazia hupita na uzi wa kulala kwa mkupuo mmoja. Kwa mstari unaofuata unageuza upande. Bila kitana na shazia, kila uzi wa kulala hupenyezwa kwa ncha za vidole, juu, chini, juu, chini, na nyuzi za utumbo wa kondoo zikishavutwa huwa kali kuliko waya.

“Waulize wanaume wanaocheza,” anasema Kaaha kwa Kisomali, lugha ambayo ndani yake hasiti wala hatafuti neno. “Waambie wapenyeze mstari mmoja tu kwa vidole. Jioni waje kunipa mkono tuone kama wataweza.”

Kazi hii aliipata kupitia Dubow. Mwaka ule wa uhuru fundi wa zamani wa klabu aliondoka pamoja na wazungu waliokuwa wakimlipa, na raketi zikaanza kuning'inia ukutani zikiwa zimekatika. Dubow alimwona Kaaha akishona mkeka karibu na mto, akaenda kumwambia katibu wa wakati ule kwamba nyuzi ni nyuzi.

Raketi ya kwanza aliifuma kama alivyofundishwa na mama yake. Mkeka wa nyumba lazima uzuie mvua, kwa hiyo kila mstari ukiingia unapigwa kwa ngumi mpaka ukumbatiane na mwenzake. Kaaha akapiga. Raketi ikatoka juu imebanana hata mchwa hapenyi, chini pamebaki tundu la kupitisha yai.

“Mwenye raketi akaniuliza, ‘Mama, hii ni ya kuzuia mvua?’ Nikamwambia ndiyo, hata tone haliingii.” Kaaha anacheka, na ni mara moja tu anacheka asubuhi nzima. “Nilidhani ananisifu.”

Akafumua, akafuma upya, safari hii akiacha nafasi. Mwezi wa pili akaenda kwa Abdille, mchonga kengele za ngamia, akamweleza kwa vidole vyake mwenyewe anachotaka: hiki kiinuke, hiki kilale. Abdille alichonga vitana viwili vibovu kabla ya kufika kwenye hiki kilichochukuliwa. Tangu hapo raketi iliyokuwa ikimlia siku nzima ikawa kazi ya kabla ya sala ya adhuhuri. Malipo yake ni shilingi chache na sukari. Kabla ya vita aliyaona madogo. Sasa ndiyo yanayomlisha yeye na binti yake.

Maana vita vimechukua vingine vyote. Shifta, waasi wanaotaka eneo hili liungane na Somalia, walipita usiku wakabeba mbuzi. Wanajeshi walikuja mchana wakabeba ngamia, wakisema ngamia wale walikuwa wakiwabebea shifta silaha. Kisha likaja tangazo kwamba watu wote wahamie ndani ya kijiji chenye uzio wa miba na seng'enge, na nyumba zilizobaki nje zikatiwa moto. Nyumba ya Kaaha ilikuwa mojawapo, mikeka ya mama yake ikiwa ndani.

Serikali inasema vijiji hivi ni vya usalama. Usalama wa nani, hakuna aliyemweleza Kaaha. Anajua tu kwamba lango hufunguliwa asubuhi na kufungwa kabla ya magharibi, na kwamba anayechelewa hupigwa. Yeye ana ruhusa ya kutoka kwa sababu maofisa wanataka kucheza.

Na ndani ya uzio huo kuna arusi. Binti yake, Rukiyo, anaolewa na Keynan, kijana wa huko Diff ambaye ukoo wake ulisukumwa mpaka hapa na vita. Kwa Wasomali wa huku nyumba ya bibi arusi haijengwi na bwana arusi. Ni mama anayeishona, mkeka kwa mkeka, na binti huingia kwenye ndoa na nyumba yake mwenyewe juu ya kichwa chake. Binti asiye na nyumba hulala kwa mama mkwe.

“Mtoto wangu hatalala chini ya turubai la serikali usiku wa arusi yake,” anasema Kaaha. “Walichoma ile ya kwanza. Hii ya pili nitaishona mbele ya macho yao.”

Kwa miezi kadhaa wanawake wa kijiji wamekuwa wakitafuna magome ya mgunga ili yalainike yawe nyuzi. Taya zinauma, ulimi unakuwa mchungu kutwa. Marobota ya nyuzi yamerundikwa kwenye kibanda cha Kaaha mpaka hakuna pa kukaa. Kilichobaki ilikuwa kushona, na hapo ndipo sajenti wa langoni alipoingia.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyopita. Kaaha alikuwa anatoka kwenda klabu, kikapu mkononi. Sajenti akapekua kama kawaida, akatoa shazia, akaishika juu ili wenzake waone.

“Hii ni ya nini? Ya kumshonea shifta kanzu?”

“Ya raketi. Na ya nyumba.”

“Nyumba inashonwa? Nyumba yangu mimi ni ya mawe, mama.”

“Haya. Siku wakikuhamisha, utabeba vipi?”

Askari wakaangua kicheko. Mmoja alilazimika kuegemea nguzo ya lango. Sajenti hakupenda kuchekwa. Akasema kuna amri inayokataza vitu vyenye ncha ndani ya kijiji, akaitumbukiza shazia kwenye debe, na kitana akakitupia humo humo kwa sababu hakukijua. Jioni ile ile aliwapitisha askari wake kibanda kwa kibanda. Wakachukua shazia za wanawake wote.

Amri ilikuwepo kweli, tangu mwanzo wa mwaka. Hakuna aliyekuwa ameitumia kwa sindano za mikeka mpaka siku ile.

Usiku huo Batula, jirani wa Kaaha na mdomo mkubwa kuliko yote kijijini, alisimama mlangoni pake mikono kiunoni.

“Abaayo, dada yangu, umefurahi? Umemchekesha askari mzima mzima.”

“Niache.”

“Nikuache vipi? Shazia yangu ilikuwa imelala zake kitandani, haijatukana mtu. Ulimi wako ndio umeipeleka jela.”

Wanawake wengine walifunga milango yao. Hilo lilimuuma zaidi. Siku tatu hakuna aliyeleta gome lililotafunwa.

Kama mambo yangeishia hapo, huenda Kaaha angeenda kuomba radhi. Alikuwa ameshajipanga, anasema, ameshameza mate. Lakini Jumatatu asubuhi alipofika langoni aliwakuta askari wamezunguka moto. Juu ya makaa ilikuwa shazia ya mama yake, aliyoijua kwa waya wa shaba uliozungushiwa mpini, na juu ya shazia ilikuwa nyama.

Nyama ya mbuzi. Askari wa langoni hawafugi mbuzi.

“Sajenti akaniambia, ‘Karibu mshikaki, mama.’” Sauti yake inashuka, na mikono inaacha kuvuta uzi. “Mama yangu alishona na shazia ile nyumba yake na yangu. Aliishika mpaka vidole vikapinda. Wao wanachomea nyama ya wizi, nyama isiyosomewa bismillahi, halafu wananikaribisha.”

Hakuomba radhi. Akaenda klabu, akavuta nyuzi za wima za raketi ya kwanza, akaiweka mezani nusu. Shindano lilikuwa Jumamosi, na kutoka hapa mpaka Nairobi hakuna mtu mwingine wa karibu anayeweza kuimalizia.

Kesho yake, Alhamisi, katibu anakubali kushindwa, au anadhani amekubali. Asubuhi anakwenda langoni mwenyewe kwa Land Rover. Anarudi amefunga kitu kwenye leso, anakifungua juu ya meza kwa madaha kidogo, kama mtu anayempa mkewe zawadi.

“Haya, Mama Rukiyo. Shazia yako. Na hiki kidude chako cha meno.”

Kaaha anaichukua shazia, anaipeleka puani.

“Inanuka mafuta.”

“Nimeifuta.”

“Zile ingine iko wapi?”

“Zipi?”

“Ya wanawake.”

Katibu anakaa kwenye kiti. “Mama, wewe unafuma raketi kwa shazia ngapi?”

“Moja.”

“Na moja si hiyo hapo?”

Kaaha anailaza shazia mezani, polepole, kando ya raketi. Anachukua fremu tupu, anaibana kwenye jiliwa, anaanza kuvuta uzi wa wima.

Hapa katibu alikosea, na si ajabu, kwa sababu kwao mtu mmoja na cherehani moja anaweza kushona apendavyo. Mkeka wa nyumba ya bibi arusi haushonwi na mtu mmoja. Wanawake hukaa mstari pande mbili, kila mmoja na shazia yake, wakaanzia kwenye ncha na kukutana katikati, huku wakiimba na kutukanana kwa utani. Mama akishona peke yake, watu wa upande wa bwana arusi wataambizana kwamba binti huyu hana watu. Aibu hiyo haifutiki, hata nyumba ingekuwa nzuri namna gani. Na Kaaha hakuwa tayari kurudi kijijini na shazia yake peke yake kikapuni, apite mbele ya Batula.

“Hiyo ni amri ya juu,” katibu anajitetea. “Si mimi niliyeisaini.”

“Nani alisaini?”

Macho ya katibu yanamponyoka. Yanaangukia raketi moja mezani, yenye mpini uliofungwa ngozi nyekundu. Kaaha anayafuata macho yale. Anainuka, anaitoa raketi ile juu ya rundo, anaiweka chini kabisa.

“Basi hii itangoja zaidi.”

Dubow, kule uwanjani, anapata tena shida ya vumbi.

Alipoulizwa baadaye kwa nini hakumwita askari amfukuze mwanamke huyu kutoka barazani, katibu alitikisa kichwa. “Nikishamfukuza, nani atafuma? Sisi tulitaka kucheza tenisi tu.” Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyeonewa. Ndivyo ilivyo Garissa mwaka huu. Watu wamechomewa nyumba, na anayelalamika ni aliyekosa raketi.

Alichozungumza katibu na ofisa mwenye raketi ya mpini mwekundu jioni ile hakijulikani. Kinachojulikana ni kwamba Ijumaa, baada ya sala, sajenti alilibeba debe mwenyewe kutoka kwenye kibanda cha lango mpaka katikati ya kijiji, akalimwaga mchangani, akaondoka.

Wanawake wanachakura. Shazia nyingine zimepinda. Nyingine zimeungua ncha, maana ya Kaaha haikuwa peke yake jikoni kwa askari. Chache hazimo kabisa. Batula anaipata yake, anaisugua kwa shungi lake, anaikagua tundu.

“Imerudi salama,” anatangaza. “Lakini imekonda. Huko jela hawali vizuri.”

Kisha anamgeukia Kaaha, uso umekunjwa bado. “Na wewe, nenda kawamalizie watoto wako wa tenisi, upesi. Jumapili tunashona. Na ukiniona nimekaa karibu na wewe, usidhani nimekusamehe. Nitakaa pale kwa sababu ya kivuli.”

Alasiri hiyo, barazani, Kaaha anafanya kazi ya siku tatu. Kitana kimerudi na jino moja limevunjika, kwa hiyo kila kinapoinuka analazimika kuusaidia uzi mmoja kwa kidole. Anasukuma kitana, anakisimamisha, njia inafunguka, shazia inapita inavuta uzi nyuma yake. Anavuta, anafunga, anageuza upande. Karibu na chini ya raketi, nyuzi zinapokaza na kitana hakiingii tena, anatumia ncha ya shazia kuinua uzi mmoja mmoja. Nyuzi zinamkata kidole kile kinachoziba pengo la jino. Anakifunga kitambaa, anaendelea.

Mpini mwekundu unakuja mwisho. Katibu anasimama juu ya kichwa chake, hajui afanye nini na mikono yake.

“Hutaiharibu?”

“Kwa nini niharibu? Kazi ni yangu. Yeye anashika tu.”

Anaifuma sawasawa, mistari imeachana inavyotakiwa, anaipiga kwa ukucha, anaiweka juu ya rundo. Halafu anaipangusa shazia kwa mchanga, mara moja, mara mbili, na tena, mpaka waya wa shaba ung'ae, lakini harufu ya mafuta haitoki.

Nani alishinda Jumamosi? Hajauliza. Siku za shindano mtu wa kijijini haruhusiwi kusogea klabu.

Jumapili asubuhi, ndani ya uzio, mkeka umetandazwa mbele ya kibanda cha Kaaha. Wanawake wamekaa pande mbili. Wale ambao shazia zao hazikurudi wamekaa nyuma ya wenzao, wanapokezana. Rukiyo, ambaye desturi inamkataza kugusa mikeka yake mwenyewe, anapika chai na kujifanya hasikii anayosemwa. Kaaha anaanzisha wimbo wa kazi, na maneno anayatunga papo hapo:

“Mkeka wangu, usimzuie mgeni,
mzuie aliyechoma mama yako.
Mkeka wangu, mpe mtoto wangu kivuli,
na mwenye debe umpe jua.”

Askari mmoja anapita, anauliza wanaimba nini. “Tunasifu chai,” Batula anamjibu kwa Kiswahili, na mstari mzima unajikunja kwa kicheko.

Karibu na adhuhuri mkeka wa kwanza unakutana katikati. Kaaha hausimamishi wala haukunji. Anachukua kamba nene ya gome na kuanza kushona vitanzi kwenye pembe zake, vikubwa, vya mara mbili. Wanawake wanaacha kuimba. Kila mmoja anajua vitanzi hivyo ni vya nini. Ndivyo vinavyopitisha kamba za kufungia nyumba mgongoni mwa ngamia siku ya kuhama.

“Kaaha,” anasema Batula, na safari hii hana utani. “Nyumba hii inasimama hapa, hatua chache kutoka langoni. Vitanzi vya nini? Wewe huna hata mbuzi. Ngamia yuko wapi?”

Kaaha anapitisha shazia, anaikaza kamba kwa meno, anaivuta.

“Ngamia nitamtafuta,” anasema. “Mtoto wangu simshonei nyumba ya kukaa hapa. Hapa atalala tu. Siku miba hii ikiondolewa, sitaki aanze kutafuta kamba. Nataka afunge, aende.”

Batula anasogea pembe ya pili, anachukua kamba, na kuanza kushona kitanzi chake.